Kibwana, Mwanao Ananiita wa Kizamani

Kibwana, mtani wangu, mvivu wa Uzaramo,

Mazishi yako niliyaendesha mimi. Kariakoo nzima ilisimama. Jeneza halikuinuliwa mpaka mimi nilipokohoa, na mwanao Salumu alinifuata nyuma kama kifaranga akiniuliza, "Baba Kasanda, sasa tufanye nini?" Wazee wakasema tangu mji huu unaitwa Mzizima hawajaona mtani aliyefanya kazi yake namna ile.

Uongo. Najua umeshaanza kutikisa mabega huko uliko. Nilifukuzwa, Kibwana. Vijana wawili walinibeba makwapani kama gunia la tumbaku lililoingia maji, wakaniweka ng'ambo ya barabara mbele ya duka la Mwarabu, na jeneza lako likapita nami nimekaa juu ya kasha tupu la sabuni. Nilitaka kukuandikia jioni ile ile, lakini mwandiko wangu unaujua. Shule ya Mjerumani niliikimbia kabla herufi hazijaisha, na mwandiko huu ukichanganyika na hasira hata mimi mwenyewe siusomi. Sasa hasira imepungua. Haijaisha, imepungua. Ukiona neno limekaa upande, lisukume kidogo uendelee.

Sasa nikueleze kilichonifukuzisha. Ni neno. Neno moja tu, ambalo mwanao amelileta kutoka ofisini, nadhani wanawagawia huko pamoja na wino. Kizamani.

Unakumbuka zamani zetu neno hili lilikuwa halimwumi mtu. Tulikuwa tunasema "vita vya zamani," "njaa ya zamani," basi, mtu anakuonyesha tu jambo lilikuwa lini. Siku hizi limeota meno. Salumu akitazama paa lako la makuti, la kizamani. Akitazama ugoro wangu, mambo ya kizamani. Mama yake akipika kwa mafiga matatu, ni kizamani, anunuliwe jiko la chuma. Kitanda ulichomsukia mama yake kwa mikono yako kimesimamishwa ukutani uani, kuku wanalala juu, na chumbani kimeingia kitanda cha chuma kutoka kwa Mhindi, kinachopiga kelele mkeo Bi Zaina akivuta pumzi. Nilimwuliza mwanao, huku namtazama machoni, "Zamani ipi hiyo? Ya Sultani, ya Mjerumani, au ya juzi Jumanne?" Akanijibu kwa upole ule wa makarani, "Mzee Kasanda, wewe huwezi kuelewa."

Lakini sikiliza hili ucheke. Mwaka ule alipotafuta mke, wewe mwenyewe ulinihadithia, alikwambia anataka msichana mwenye adabu za kizamani. Hakusema anataka wa kisasa, atakayemwuliza alikolala. Na pale sokoni, jirani yangu anayeuza kamba za minazi anapaza sauti kutwa, "Kamba za kizamani hizi, hazikatiki!" na watu wanapigana vikumbo. Kwa hiyo nimekaa na ugoro wangu nikafikiri. Neno hili ukimvisha mke, ni sifa. Ukiivisha kamba, ni sifa. Ukimvisha mzee, maana yake ni nyamaza. Nikaona mtu hukiita kitu cha kizamani mpaka siku anapokihitaji, na siku hiyo huja akikitafuta hata chini ya kitanda.

Turudi kwenye mazishi, maana hayo ndiyo yanayoniwasha.

Tulipatana, Kibwana. Ulikuwa umekaa barazani kwako, kitanda kimepinduliwa mbele yako, unasuka kamba na kujikuna sikio kwa ile sindano yako ya mti, nami nimekuja kudai kitanda changu ulichokuwa ukinicheleweshea tangu mvua za masika. Ukasema lile neno lako, "Kesho asubuhi." Nikasema, "Mzaramo wewe, siku ukifa nitalizuia jeneza lako mlangoni niwaambie watu hazikwi mtu huyu, aliniahidi kesho asubuhi." Ukacheka mpaka sindano ikaanguka. Halafu ukasema, "Fanya hivyo hivyo. Usije ukanisifu, Kasanda. Mtu akisifiwa sana msibani, ujue waliokuja hawakumjua." Nami nikakwambia, nikitangulia mimi, uje ubebe mzigo kichwani, uniite mpagazi, useme nimepumzika kwa mara ya kwanza tangu Tabora. Tukashikana mikono. Hatukuhitaji shahidi. Mimi Mnyamwezi, wewe Mzaramo. Babu zetu walikutana njiani na pembe mabegani, wakatukanana mpaka wakawa ndugu, na tangu hapo msiba wa mmoja ni kazi ya mwingine. Mtani huja akamcheza marehemu, akaiga mwendo na sauti yake, akamtukana, akawaudhi wafiwa mpaka wacheke. Mfiwa akishacheka, hapo ndipo machozi yanapopata njia.

Basi siku yako nilikuja nimejiandaa. Kanzu iliyochanika, kofia nyuma mbele, kamba ya kitanda kiunoni. Nikaingia uani nikichechemea kama wewe na ule mguu wako mfupi. Wanawake ndani walikuwa wamekaa kimya kibaya, Bi Zaina katikati yao macho makavu kama mawe. Waliponiona, mmoja akaguna kicheko. Nikasema moyoni, kazi imeanza. Jeneza likaletwa mlangoni, nikajilaza kizingitini nikasema, "Mnampeleka wapi huyu? Mimi kaniambia kesho asubuhi!"

Wazee wakacheka. Wallahi walicheka. Na Salumu akatoka, na suruali yake yenye mstari, na nyuma yake wenziwe wa ofisini wamevaa viatu vinavyong'aa, akainama akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, ondoka hapo. Mambo ya kizamani haya. Watu wastaarabu wanatazama." Nikadhani anacheza, anamtania mtani. Nikamjibu, "Watazame, watoe na ada." Ndipo wakaja wale vijana na makwapa yangu.

Ukapita, Kibwana. Ukapita mbele ya kasha langu la sabuni ukiwa umetulia sana, na hiyo haikuwa tabia yako. Hakuna aliyekutukana. Umezikwa kama jumbe, kimya, kwa heshima. Nilikuonea huruma.

Tangu hapo Bi Zaina hakulia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si makwapa. Shoga zake walikuwa wakija kununua ugoro kwangu wakaniambia, "Shemeji yako hali, halii, hacheki. Anakaa juu ya kile kitanda cha chuma anatazama ukuta." Nikaenda kumwona. Nikamwambia kupitia pazia, "Bi Zaina, yule mumeo kaondoka na sindano yake au kaiacha?" Akasema, "Shemeji, hakumalizwa." Nikaelewa. Kwake yeye ulikuwa bado umelala mlangoni, jeneza halijaruhusiwa kupita, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuliruhusu alikuwa ng'ambo ya barabara.

Arobaini ilipokaribia, Salumu akaja mwenyewe sokoni. Kijana ana adabu, sisemi hana. Akasimama mbele ya matumbaku yangu ameshika leso puani, akasema, "Mzee Kasanda, njoo kwenye hitima. Lakini njoo kistaarabu. Wakubwa zangu wa forodhani wawili watatu watakuwepo. Yale mambo ya kizamani tumeyazika pamoja na baba."

Tumeyazika pamoja na baba. Nilimtazama, nikaona hata hajui alichosema.

Nikamwambia, "Vyema, bwana."

Hakustuka. Wewe ungestuka. Mtani wako akikuambia "vyema, bwana," ungefunga mlango ukahesabu kuku. Lakini wao wanadhani heshima ni heshima tu, haina upande wa nyuma.

Sasa kaa vizuri. Nilipiga pasi kanzu yangu nyeupe kwa makaa. Nikaazima koti jeusi kwa mkwe wangu, nikaazima na viatu vyake, vinavyobana kama deni. Nikatembea kutoka kwangu mpaka kwako polepole, kifua mbele, na watu wa mtaa wakauliza, "Mzee Kasanda, kuna nini Bomani?" Nikafika mlangoni. Wazee wako wa Kizaramo wote wamekaa mikekani, wengine wametoka mpaka Buguruni na Msasani, wananisubiri, wameshaanza kutabasamu. Salumu akaja kunipokea.

Nikainama, mimi, mwenye umri wa baba yake na ziada, nikamwambia, "Shikamoo, Bwana Salumu."

Uliwahi kusikia sufuria ikianguka jikoni wakati wa kisomo? Ilikuwa hivyo, ila bila sufuria. Mwanao akafungua mdomo, "mara" ikatoka na "haba" ikagoma. Nikampita, nikakaa mkekani, nikakunja miguu kwa adabu, nikasema, "Poleni, mabwana. Mungu ndiye mpangaji."

Hitima ikasomwa. Nikaitikia amina kwa sauti ya kadiri. Masinia ya pilau yakaletwa. Mwalimu wa chuoni akasema, labda mzee Kasanda, rafiki wa marehemu, atatuambia maneno mawili. Wote wakageuka. Nikasafisha koo.

Nikasema, "Marehemu alikuwa mchapakazi." Mzee mmoja wa Msasani akakohoa. Nikasema, "Alikuwa fundi asiyechelewesha kazi ya mtu." Kibwana, mle mkekani mlikuwa na watu wenye vitanda kwako mpaka leo miguu juu. Nikasema, "Alikuwa mtu wa ahadi. Alitembea wima. Na alipoimba kwenye harusi, watu walitulia kusikiliza." Nikawaona wanatazamana. Wale mabwana wa forodhani wanatikisa vichwa kwa heshima, maskini, wanadhani wanasikia hotuba nzuri. Lakini wazee wako nyuso zilianza kukauka, kwa sababu walielewa. Mtani anapomsifu marehemu, amemkana. Anasema, huyu si wangu, simjui, mzikeni mnavyozika wageni.

Nyuma ya pazia Bi Zaina akasema, sauti yake ilipasuka, "Shemeji, unamsema nani?"

Nikamjibu, "Namsema mume wako, Bi Zaina. Mungu amrehemu."

Akasema, "Usimfanyie hivyo. Usimfanyie hivyo mume wangu."

Hapo nilikaribia kuvunja mchezo mwenyewe. Nilibana meno. Viatu vya mkwe vilinisaidia, nilikuwa na maumivu ya kushikilia. Yule mzee wa Msasani akaurudisha mkono wake kutoka kwenye sinia, akaukung'uta. Akasema kwa utaratibu, "Ikiwa mtani amekuwa mgeni, sisi tumekuja kwa nani?" Na wa pembeni yake akaurudisha mkono. Na wa pembeni yake. Pilau inatoa moshi na hakuna anayekula. Karani mmoja, kijana kutoka Kilimanjaro, akamnong'oneza mwenzake, "Imeungua?"

Salumu akaja akachutama mbele yangu. Jasho linamtoka kwenye kola. "Baba," akasema. Tangu alipoanza kazi ya kalamu hajaniita baba. "Baba, nimekosa nini? Umekuja vizuri, nilivyokuomba."

Nikamwambia, "Hujakosa kitu, bwana. Nimestaarabika."

"Wazee hawali."

"Labda mkono ni wa kizamani. Waletee vijiko."

Ilikuwa mbaya ile, nakiri, lakini nilikuwa nimeiweka akiba tangu makwapani.

Akanitazama. Nami nikamtazama, na nikaona si mtu mbaya. Ni mtoto aliyemzika baba yake mbele ya wenziwe wa ofisini na kuogopa wasimcheke. Hakujua kwamba kucheka ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulimfundisha lini? Wewe ulimpeleka chuoni, ukampeleka shule, ukasema haya mengine atayaokota barazani. Baraza lenyewe alikuwa hakai.

Bi Zaina akasema kutoka ndani, "Salumu. Mwenye msiba ni wewe. Mwite mtani wako."

Kijana akasimama. Akatazama wakubwa zake, akatazama viatu vyake, akatazama wazee. Halafu, Kibwana, akainua mkono akajikuna nyuma ya sikio kwa kidole kimoja, vile vile, kama ameshika ile sindano yako. Hakujua anafanya. Na akasema, sauti ikitetemeka mwanzoni, "We mpagazi. Tangu lini punda akavaa viatu? Umekuja kutuuzia koti au kumcheza baba? Vua hivyo, ufanye kazi iliyokuleta pwani."

Ilikuwa sauti yako. Sikudanganyi mara ya pili katika barua moja. Sauti yako yote, na dharau yako ndani yake, imetoka kwenye shingo yenye kola.

Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kukutukana mpaka alasiri. Yakanikimbia yote. Nikalia, mzee mzima, na viatu vya watu miguuni, mbele ya forodha nzima. Nililia mpaka yule wa Msasani akasema, "Basi, basi, Mnyamwezi, tulikuita ucheze, hatukukuita umwagilie mkeka." Hapo ndipo nikacheka, nikavua viatu nikavirusha, kimoja kikamkosa karani wa Kilimanjaro kidogo tu. Nikafunga kamba kiunoni. Ndiyo, nilikuwa nimeificha ndani ya koti; unanijua. Nikachechemea uwanja mzima. Nikakopa kwa huyu, nikamwahidi yule, nikaimba wimbo wako wa harusi kwa ile sauti yako ya mlango usiotiwa mafuta. Nikamfikia Malaika wa kaburi, nikamjibu kwa niaba yako kila alichouliza, "Kesho asubuhi." Mola wako nani? Hapo tu sikuthubutu, nikamwambia Malaika, "Unajua, usijifanye." Mwalimu wa chuoni akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika.

Na ndani nikasikia Bi Zaina anacheka. Kicheko kile chake cha tumboni. Kikapanda, kikapanda, kikageuka, akalia. Akalia kilio kirefu, cha kukuita jina, na wanawake wakampokea. Nikasimama na kamba yangu, nikasema kwa sauti, "Haya, mpitisheni."

Watu wakala. Wakaomba ukoko.

Nimechukua kofia yako, ada ya mtani, usinitafute. Inanibana, kichwa chako kilikuwa kidogo, nilisema siku zote. Karani wa Kilimanjaro alinifuata mpaka njiani akauliza kwa adabu kama na yeye anaweza kupata mtani hapa mjini, na wanapatikana wapi. Nimemwambia nitamtafutia, nichunguze kwanza kabila lake tulipigana nalo wapi.

Usidhani mwanao amepona. Jana kaniambia baraza lako ni la kizamani, anataka kulivunja atie dirisha la vioo. Nikamwita mjinga mwana wa mvivu. Akaniita punda mstaafu. Tukaishia hapo, baraza halijavunjwa. Leo asubuhi kile kitanda ulichomsukia mama yake kimerudishwa ndani, kuku wamefukuzwa. Sikuuliza aliyekirudisha. Salumu alisema tu, bila kunitazama, kwamba vitanda vya kizamani havipigi kelele.

Neno lile lile, unaona. Limebadili upande kwa usiku mmoja. Nitakufa bila kulielewa.

Lala, Kibwana. Nakuahidi mambo mawili. Baraza nitalikalia kila jioni mpaka nife, atakayelivunja anivunje nami. Na mwanao nitamtukana kila siku, nisimwachie hata ya Ijumaa, mpaka awe anajibu bila kufikiri, ili siku yangu ikifika awepo wa kunilalia mlangoni.

Sasa haki yangu. Mimi nimekutukana mbele za watu wote wale, na wewe hujajibu, na utani hauendi mguu mmoja. Zamu ni yako. Sikuombi kikubwa. Njoo usingizini mara moja tu, uniite mpagazi kwa ule mdomo wako. Leo, Kibwana. Usiniambie kesho asubuhi.

Mtani wako,
Kasanda